Msoma mara moja hudanganywa mara mbili

NENDA asubuhi yoyote penye makutano ya Msimbazi na Uhuru, mahali palipotandazwa magazeti. Utawakuta vijana kumi, kumi na watano, wameinama, mikono nyuma kama wakaguzi wa gwaride, wanasoma vichwa vya habari. Anayenunua ni mmoja, tena huyo kanunua la michezo. Muuza magazeti hana neno, amekwisha wazoea. Baada ya dakika tano wametawanyika: huyu kaenda Mtaa wa Kongo kupanga fulana zake, yule kaenda kusukuma mkokoteni, mwingine kaenda Gerezani kusubiri gari la mizigo.

Ikifika saa sita mchana, kile kichwa cha habari cha maneno matano kimekwisha zaa hadithi nzima. Kila mmoja anaisimulia kijiweni kama vile alikuwapo. Jioni watu wanakaribia kushikana mashati kwa habari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisoma.

Ndugu msomaji, kurasa hizi zimezoea kuwasema wakubwa, na wakubwa wataendelea kusemwa, maana kazi yao ya kutuudhi hawajaiacha. Lakini leo naomba niwaseme walalahoi wenzangu, na mimi nikiwemo. Nasema hivi: sisi vijana wa mjini hatusomi, na wachache wanaosoma wanasoma mara moja tu, kisha kitabu kinakwenda kufungia karanga. Na mtu anayesoma mara moja ni mtaji wa mwanasiasa mwongo.

Mbona goli mnalirudia?

Najua jibu, maana nimelisikia mara nyingi: "Kaka, kitabu nilishakisoma, najua kinavyoishia. Nirudie cha nini?"

Haya. Simba akimfunga Yanga, au Yanga akimfunga Simba, goli lile unalitazama mara ngapi? Siku ile ile unalitazama mara sita. Kesho yake unamwomba rafiki simu yake ulitazame tena. Mwaka ukipita bado unalo, na kila ukilitazama unaona jambo jipya: kumbe beki alikuwa anaangalia pembeni, kumbe kipa alitoka mapema, kumbe yule kiungo tunayemtukana kila siku ndiye aliyeanzisha pasi. Goli unajua lilivyoishia. Mbona unalirudia?

Na muziki je? Marijani Rajabu alifariki 1995, na mpaka leo nyimbo zake zikipigwa mahali mtu mzima anaacha kinywaji chake mezani. Kila neno analijua. Hakuna anayesimama kusema, "Zima, nilishausikia." Kinyume chake, utamu wenyewe uko pale pale kwenye kujua: unalisubiri lile neno unalolipenda, linakuja, unatikisa kichwa.

Basi tatizo letu si kurudia. Binadamu kaumbwa hivyo, kitamu hukirudia. Tatizo ni kwamba kitabu hatukuonjeshwa kama kitu kitamu. Shuleni tulinyweshwa kama dawa ya minyoo, umebanwa pua, mara moja, basi. Taja dhamira tano. Eleza mandhari. Wahusika wakuu ni nani na tabia zao. Wengi wetu hata kitabu chenyewe hatukukifungua, tulikariri vile vijitabu vya uchambuzi, tukaandika tulichokariri, tukafaulu. Siku ya karatasi ya mwisho tukatupa kila kitu, tukaimba. Hivyo ndivyo taifa linavyotoa watu wenye vyeti wasio na kitabu hata kimoja chini ya kitanda.

Kitabu hakibadiliki, unabadilika wewe

Chukua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951. Nilikisoma shuleni mbiombio, nikashika kwamba ni nchi inayoelea hewani, nikacheka, nikajibu maswali, nikapata maksi zangu. Nilipokirudia utu uzimani, nikiwa nimekwisha zungushwa ofisi za mjini mwezi mzima kwa barua moja, sikucheka tena. Kosa la Karama ni nini? Anataka watu wafundishwe uwakili, yaani wajue sheria na waweze kujieleza. Basi! Kwa hilo Waziri Majivuno anamburuza barazani ahukumiwe. Karama anasimama kujitetea kwa kinywa chake mwenyewe, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi. Kila mmoja malipo yake yalikuwa kifungo.

Mwandishi yule, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani katika serikali ya mkoloni. Mchana alikuwa anakula mshahara wa Mwingereza, usiku anaandika mambo kama hayo. Tukafundishwa kwamba kitabu kinamsema Mwingereza, na kwa kuwa Mwingereza alifunga virago 1961, mjadala umekwisha. Umekwisha kwa amri ya nani? Mwaka 2025 nchi hii ilimwona kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu, akisimama mahakamani kwa shitaka la uhaini, akijitetea mwenyewe. Sitaingia ndani ya kesi, hilo ni la mahakama. Ninachosema ni kwamba aliyekisoma Kusadikika mara moja aliona habari mpya. Aliyekisoma mara mbili alihisi kama amewahi kukaa katika baraza lile.

Mfano wa pili utawauma wengi, na mimi uliniuma. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, baadaye kikarudishwa na kufundishwa. Sisi wavulana tulikisoma kwa kuruka. Tulikuwa tunatafuta kurasa fulani, msijifanye hamzijui. Nakala ikipita mikono thelathini hufunguka yenyewe mahali pale pale.

Sasa kirudie ukiwa na mdogo wako wa kike yuko chuoni, au ukiwa na binti yako mwenyewe. Zile kurasa ulizozitafuta kwa hamu ndizo zitakazokutoa jasho. Utamwona Zakaria, baba ambaye ulinzi wake kwa mtoto ni kipigo. Utawaona wanaume wenye vyeo na elimu wanavyomtumia binti wa watu, kisha wanakuwa wa kwanza kumwita malaya. Na kama una haya, utajiona na wewe umekaa dawati la nyuma, unacheka. Kitabu hakikuongezwa wala kupunguzwa nukta. Aliyebadilika ni wewe, na kitabu kimekupima umefika wapi. Kuna kipimo gani kingine cha namna hiyo kwa bei ile?

Nieleweke vizuri. Sisemi kila mtu aanze na vitabu vizito. La hasha! Anza na kile kilichokunyima usingizi. Kwa wengi wa rika letu hicho ni Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona kilitoka 1974, Kikosi cha Kisasi 1979. Mara ya kwanza unafuata bastola, magari na warembo. Hakuna ubaya. Rudia, na safari hii bastola ziache zilie zenyewe, wewe angalia kwa nini Willy anapigana. Utaona kijana wa Kiafrika anawindana na majasusi wa Makaburu, wakati ambapo Dar es Salaam hii ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Hapo ulipodhani unajiburudisha kumbe ulikuwa unasoma historia ya mji wako.

Bwana Msa na ilani ya uchaguzi

Wapo wasemao riwaya ya upelelezi hairudiwi, maana muuaji umeshamjua. Hao hawajui kula. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alituachia Bwana Msa na mwenzake Najum katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukikisoma mara ya kwanza unahangaika pamoja na Najum, unadanganyika anapodanganyika. Ukikirudia unakaa upande wa Bwana Msa. Unaona kila alama ilikuwa imewekwa mbele ya macho yako tangu mwanzo. Mwandishi hakukuficha kitu, wewe ndiye uliyepita mbio. Unacheka, unajisonya, unasema, "Kumbe!"

Hiyo "kumbe" ndiyo shabaha ya makala hii.

Maana yapo maandishi mengine tunayoyapita mbio, na hayo yanatugharimu zaidi ya riwaya. Kila miaka mitano tunaletewa ilani. Tunaisikia mara moja, tena kwa kipaza sauti, tumevaa kofia ya bure na tumeshiba pilau ya bure. Mwaka 2005 tuliambiwa maisha bora kwa kila Mtanzania. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nani aliichukua ile ilani mwaka wa nne, akakaa nayo kama Bwana Msa, akaweka vema penye kilichofanyika na mkasi penye kilichopotea? Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini inakuwa fupi kwa anayekumbuka mwongo alianzia wapi. Kwa asiyekumbuka, njia ile haina mwisho.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba sisi watu wa Kariakoo tunalijua somo hili kuliko maprofesa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yupo mfanyabiashara gani hapa, kuanzia duka la vitenge mpaka meza ya betri, anayelisoma daftari la madeni mara moja? Analisoma kila jioni. Majina ni yale yale, hesabu ni zile zile, lakini anapitisha kidole mstari kwa mstari, kwa sababu anajua siku atakayoacha kulirudia ndiyo siku atakayoanza kufilisika. Basi Katiba ya 1977 ni daftari letu. Ilani ni daftari letu. Tunawakopesha kura, halafu daftari tunamwachia mdeni alitunze!

Makabwela waliokisoma kifungu cha 15

Mtu atauliza, kurudia maandishi kumewahi kumsaidia kabwela gani? Nitamjibu kwa tukio la hapa hapa.

Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi ubabe, majivuno, dharau na uonevu kwa wale wanaowaongoza. Wakubwa walikisoma jukwaani mara moja, wakapigiwa makofi, wakaenda zao. Wafanyakazi wa viwandani hawakuishia hapo. Walikisoma, wakakirudia, wakakijua kama sala. Meneja akitukana, anaulizwa kifungu cha 15 kinasemaje. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilifuatana, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe. Baadaye wakubwa walichoka na usomaji wa namna hiyo, na migomo ikazimwa. Lakini ona: hakuna aliyewaletea watu wale kitabu cha uchochezi kutoka nje. Walikuwa wanasoma maandishi ya chama kile kile kinachotawala. Wao waliyasoma mara ya pili, wenye chama walikuwa wameyasoma mara moja.

Hata Mwalimu Nyerere anasomeka hivyo. Mwaka 1962 aliandika kijitabu kidogo, Tujisahihishe, akiwakosoa wanachama wa TANU kwa kuogopa ukweli na kuwachukia wanaousema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipotaka kuwasema viongozi wa chama chake mwenyewe, kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kilichapishwa Harare, Zimbabwe. Pale Mtaa wa Lumumba wanaitaja sana picha ya Mwalimu ukutani. Vitabu vyake sijui kama vinafunguliwa. Sisi wa upinzani tuvifungue. Katika hicho cha Harare anaipinga hoja ya serikali tatu. Mimi naiunga mkono hoja hiyo, na kila ninapokirudia kitabu nagombana naye. Ni ugomvi mtamu. Mara ya kwanza alinishinda kwa ufasaha. Mara ya pili nilianza kumjibu. Mara ya tatu niligundua kwamba baadhi ya majibu yangu yalikuwa porojo, nikayatupa, nikabaki na yale yanayosimama. Ningesoma mara moja, leo ningekuwa ama kasuku wake ama mtukanaji wake.

Na sisi tulidanganyika

Sasa nifike kwetu, maana nyani haoni lake. Mwaka 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, upinzani ulisoma hadharani orodha ya watu uliowatuhumu kwa ufisadi. Tulishangilia. Karatasi zile zilinakiliwa, zikapita kila kijiwe. Mwaka 2015 mmoja wa waliotajwa siku ile, Edward Lowassa, ambaye sasa ni marehemu, alisimama kuwa mgombea urais wa upinzani huo huo, nasi tukashangilia tena, vijana wakizungusha mikono barabarani. Mwaka 2019 akarudi CCM.

Sisemi nani alikuwa msafi na nani mchafu, hayo hayakuamuliwa na mahakama na marehemu hawezi kujibu. Nasema habari yetu sisi. Ama tulikosea 2007, ama tulikosea 2015. Haiwezekani tulikuwa sahihi mara zote mbili. Je, ni wangapi kati yetu walioirudia ile karatasi ya Mwembeyanga kabla ya kushangilia upya? Tulikuwa tumeisoma mara moja, tena wengi wetu tulisoma kichwa cha habari tu. Mtu wa namna hiyo hubebwa na upepo wowote, wa kijani au wa rangi nyingine. Chama kinachotaka kuiongoza nchi kikiwa na wafuasi wasiokumbuka, kitatawaliwa na wanaojua kwamba hawakumbuki.

Siku simu zilipokuwa vioo

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini, na jijini hapa ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Siku zile si za kusimuliwa kwa mzaha. Watu walikufa, na zipo nyumba ambazo hazijaondoa tanga moyoni. Nataka kutaja jambo moja dogo tu. Simu zetu, ambazo ndizo gazeti letu, redio yetu na kijiwe chetu, zilikuwa vioo vya kujitazamia. Mtu mmoja alibonyeza mahali, na mamilioni wakawa hawana cha kusoma.

Jirani yangu mmoja, kijana fundi simu, alijikuta ndani ya chumba na kitabu kimoja tu, nakala chakavu ya Kuli iliyoachwa na dada yake aliyesoma sekondari. Kuli ni riwaya ya Adam Shafi, ilitoka 1979, inasimulia maisha ya Rashidi, mtoto wa kuli anayekuwa kuli, hadi mgomo wa wafanyakazi wa bandarini Unguja mwaka 1948. Kijana alikisoma kwa kuwa hakuna kingine. Alipokimaliza intaneti ilikuwa bado haijarudi, akaanza upya. Hali ilipotulia alikuja kwangu na swali moja: "Kaka, mara ya kwanza sikuona. Hawa makuli hawakuwa na simu. Sasa waliwezaje kugoma siku moja wote?"

Nilimwambia jibu analo mkononi, asome mara ya tatu. Na ninyi nawaambia hivyo hivyo. Mara ya kwanza unaona mgomo. Mara ya pili unaona kilichotangulia mgomo: mazungumzo ya watu wawili watatu, woga unaopungua kidogo kidogo, mtu anayejifunza kumwamini mwenziwe anayebeba gunia upande wa pili. Kazi ile haikufanywa kwa ujumbe wa kusambaza. Ilifanywa kwa kukaa na kusemezana mpaka neno likaeleweka.

Nasi kitabu hicho kinatuhusu kuliko watu wengine wote. Jina la Kariakoo limetoka wapi? Ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mahali hapa paliitwa kwa jina la wabeba mizigo. Mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya mgomo wa Unguja, makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo ukaenea mpaka bara. Mpaka leo mizigo ya nusu ya nchi hii inapita mabegani mwa vijana wa Kariakoo. Kijana unabeba marobota ya mitumba kutwa katika mtaa uliopewa jina la babu yako mpagazi, na riwaya ya watu kama wewe ipo, na huijui! Au uliijua kwa dhamira tano za mtihani, ukaisahau.

Kitabu kimoja, vijana watano

Najua mtasema fedha hakuna. Ni kweli hakuna. Lakini hapa ndipo kurudia kunapokuwa rafiki wa maskini. Tajiri ananunua vitabu mia, anavipanga kabatini vimtazame. Wewe nunua kimoja, kisome mara tano, umepata vitabu vitano kwa bei ya kimoja. Vile vilivyotumika, vinavyotandazwa chini barabarani, mara nyingi bei yake ni kama sahani ya chipsi, na chipsi hazirudiwi.

Vijana watano wa kijiwe kimoja wachange, wanunue kitabu kimoja. Mmoja asome kwa sauti wakati mnasubiri wateja, wengine wamkatize, wabishane, wamwambie rudia hapo. Pale penye kahawa na kashata wazee walikuwa wakisomewa magazeti hivyo hivyo enzi za kudai uhuru. Na asiye na hata senti, Maktaba Kuu ya Taifa ipo pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Desemba 9, 1967, na kutoka sokoni unakwenda kwa miguu. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Kuiuliza Serikali kwa nini vijana wa Mbagala na Gongo la Mboto wafunge safari mpaka mjini kutafuta kiti cha kusomea ni haki yetu. Lakini swali hilo lina uzito likiulizwa na mtu ambaye vumbi la maktaba limewahi kumshika mkononi.

Wala msinielewe kwamba kusoma ni siasa tupu. Kwanza ni raha. Usiku, joto la Dar limepungua, kelele za Msimbazi zimelala, unafungua kitabu unachokijua. Huna haraka, maana hakuna wa kukuacha njiani. Unakutana na watu unaowafahamu kuliko baadhi ya ndugu zako. Unacheka kabla kichekesho hakijafika. Unafika penye sentensi ambayo miaka kumi iliyopita uliiruka, na leo inakusimamisha kama askari wa barabarani. Hiyo ni raha ambayo haikatwi na mtambo wa mtu wala haihitaji kibali cha mkutano.

Basi wakati mwingine tukikutana pale penye magazeti, mikono nyuma, tunasoma vichwa vya habari vya bure, usiniulize umesoma nini. Kila mtu siku hizi anadai kasoma. Niulize nimekirudia kipi. Nami nitakuuliza hivyo hivyo, na nikikukuta huna jibu nitakuazima Kuli yangu, kwa sharti moja: usinirudishie mpaka uwe umeimaliza mara mbili.